Tangazo la Tatu

Kijijini kwetu hakuna aliyeoa bila kutangazwa. Padre alisimama kanisani Jumapili tatu mfululizo, akataja jina la mwanamume na la mwanamke, kisha akauliza kama yupo mtu anayejua sababu ya hao wawili wasioane. Mara ya kwanza watu walikohoa na kutazamana kwa kicheko. Mara ya pili hawakusikiliza. Mara ya tatu walikuwa wanawaza kuku wa harusi. Mimi nilitangazwa mara mbili vizuri tu. Ya tatu ndiyo ninayotaka kuieleza, maana wajukuu wa watu huniuliza kwa nini sikuolewa, na nimechoka kuwajibu kwamba sikumpata mwanamume wa kunifaa. Nilimpata.

Kilikuwa kijiji kidogo cha Wakristo wa misheni ya Waingereza, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Bagamoyo, nyumba za udongo na makuti zimezunguka uwanja, na kanisa katikati. Karibu sote tulikuwa watu tuliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Tulipelekwa kwanza Unguja, tukafundishwa kusoma na kushona, wasichana shamba moja na wavulana shamba jingine, kisha tukaletwa bara kulima mtama na kuwa Wakristo mbele za watu. Waungwana wa Bagamoyo walituita watumwa wa Wazungu, na tukipita sokoni wanawake wao walijifunika nyuso na kucheka. Walikuwa na haki moja ya kucheka: hatukuwa na ukoo. Mimi baba yangu simjui, mama yangu simjui, hata lugha yao siijui. Aliyenilea alikuwa mwanamke mtu mzima aliyetolewa katika jahazi lile lile nililotolewa mimi. Alinibeba mgongoni siku hiyo, hakunitua tena. Nilimwita Mama.

Mlangoni mwa kanisa Padre alibandika karatasi inayoonyesha nani asimwoe nani. Mwanamume asimwoe bibi yake, asimwoe shangazi yake, asimwoe dada ya mama yake. Tulikuwa tukiisoma na kushika mbavu kwa kucheka. Kijiji kizima hakikuwa na bibi wala shangazi hata mmoja, na huyu Mzungu anatuonya tusiwaoe.

Mchumba wangu alikuwa seremala. Milango yote ya kijiji ilikuwa kazi ya mikono yake, na wa nyumba ya Mama aliuwekea komeo la mpingo, kwa sababu zake mwenyewe. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mimi nilikuwa na maneno ya kututosha wote wawili, naye alisema hilo ndilo lililompendeza.

Ndui ililetwa na msafara kutoka bara. Wapagazi walianguka njiani na pembe za ndovu mabegani, mji wa Bagamoyo ukaambukizwa, na kabla mtama haujatoa masuke ikawa imetufikia. Padre aliondoa kwanza kikombe cha Ushirika, maana wote tulinywea kimoja. Watu wakaendelea kuugua. Akafunga kanisa. Nilimwona akifunga, Mzungu mzee mwenye homa zake mwenyewe, ufunguo ukamshinda, ikabidi seremala amsaidie. Halafu akajenga vibanda ng'ambo ya kijito, penye mikoko, akatoa amri: mgonjwa apelekwe kule, aende na ndugu yake mmoja tu wa kumlisha, na huyo ndugu asirudi mpaka mgonjwa apone au azikwe.

Amri nzuri kwa watu wenye ndugu. Kwetu, aliyekuwa na mke alikwenda na mke, aliyekuwa na mtoto mkubwa alikwenda na mtoto. Wengine waliachiwa mzee mmoja mwenye makovu, aliyeugua ndui zamani akapona. Mzee huyo alikuwa mwema, lakini alikuwa peke yake. Aliweka chungu cha maji mlangoni mwa kila kibanda, akaendelea na kinachofuata, na mgonjwa asiyeweza kutambaa hadi mlangoni alikufa akikitazama chungu. Waliokufa kwa kiu kule walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa ndui. Huo ndio ukweli, na hasira yake haijanitoka.

Seremala alitengeneza majeneza mpaka mbao zikaisha, kisha akasaidia kuzika kwa mikeka. Tulikuwa tumetangazwa mara mbili. Asubuhi moja alikuja kwenye uwanja akasimama mbali na mlango wetu, akasema, "Nina homa. Mgongo unaniuma. Msinifuate." Akavuka kijito mwenyewe kwa miguu yake. Hakuwa na mke, wala mtoto, wala mtu yeyote duniani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Padre. Alinisikiliza kutoka dirishani.

"Padre, niruhusu niende. Mimi nilichanjwa Unguja."

"Najua. Lakini wewe si mke wake. Msichana hawezi kulala kibanda kimoja na mwanamume asiyemwoa."

"Anaungua kwa homa, Padre. Atanifanya nini?"

"Watu watasema."

"Watu wanakufa, hawana muda wa kusema. Basi tutangaze mara ya tatu, utuoze."

Akafuta uso wake. "Tangazo husomwa mbele ya watu katika ibada, mwanangu. Kanisa limefungwa. Nitawasomea kuku?"

Nilirudi nyumbani nikalia mpaka Mama akaninyang'anya kanga. Hakunibembeleza. Alisema, "Afadhali. Mkwaruzo wa sindano hauzuii ndui. Wangapi walichanjwa na wamezikwa?" Nilimwambia asiniongeleshe. Toka hapo kila asubuhi nilikwenda kwenye kijito nikapiga kelele kuuliza, na yule mzee mwenye makovu akainua mkono kuonyesha kwamba seremala bado yu hai. Siku moja alikawia kuuinua, nikaketi kwenye tope mpaka akauinua.

Wakati huo Padre alianzisha ibada ya milangoni. Kengele ilipigwa, kila mtu akasimama kwenye mlango wa nyumba yake, naye akasimama uwanjani peke yake na joho lake jeupe, akasoma kwa sauti kubwa. Tuliitika kutoka milangoni. Nyumba za mbali zilichelewa, kwa hiyo Amina zetu zilikuja moja moja kuzunguka uwanja. Na palipokuwa na mlango usioitika, sote tulijua, na Padre alingoja kidogo akiutazama kabla ya kuendelea.

Baada ya ibada ya kwanza ya namna ile nilikwenda tena dirishani kwake.

"Padre, ile ya Jumapili ilikuwa ibada, au tulikuwa tunapunga hewa?"

"Ilikuwa ibada."

"Na sisi tuliosimama milangoni ni kanisa?"

Aliniangalia. Alikuwa amekonda, ndevu zimemkaa vibaya, na nadhani alikuwa amechoka kukataa. "Jumapili ijayo," alisema. "Nitasoma. Kisha utakwenda kama mke wake, na nitawafungisha ndoa nikiwa upande huu wa kijito."

Nilifua gauni langu. Sikulala, sikula, na kila asubuhi nilihesabu mkono wa yule mzee kama baraka. Mama alinitazama nikifua.

Jumapili kengele ilipigwa. Tulisimama mlangoni, mimi na Mama, bega kwa bega. Padre alisoma zaburi, akaomba kwa ajili ya wagonjwa, kisha akatutaja, mimi na seremala, mara ya tatu na ya mwisho, akauliza kama kuna mtu anayejua kizuizi. Aliuliza haraka haraka. Alikuwa ameshafungua kinywa kuendelea.

"Mimi najua," Mama akasema.

Uwanja mzima uligeuka. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Ni ndugu," akasema kwa sauti iliyofika nyumba za mwisho. "Nilikuwa katika jahazi lile. Hawa wawili walitolewa wameshikana mikono, mvulana na msichana mdogo, wanaitana kwa lugha yao. Unguja wakatenganishwa. Ni mtu na kaka yake."

"Kwa nini hukusema siku zote hizi?" Padre akauliza.

"Sikuwa na hakika. Sasa ninayo."

Nilitaka kumpiga. Nasema kama ilivyokuwa. Nilijua anachofanya: alikuwa ananizuia nisivuke kile kijito, na alikuwa amechagua kizuizi ambacho hakuna binadamu angeweza kukipinga, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyejua alizaliwa na nani. Ile karatasi ya mlangoni tuliyoicheka, yeye alikuwa ameielewa kuliko sote. Padre alishusha kitabu. Niliona kabisa kwamba imekwisha, na kwamba mtu wangu atakufa akikitazama chungu.

Ndipo nikakumbuka ile amri ya vibanda.

"Padre," nikasema, "kama ni kaka yangu, basi mimi ni ndugu yake. Mgonjwa aende na ndugu yake mmoja. Ni amri yako."

Mama alinishika mkono. Vidole vyake viliniingia nyamani.

Padre alikifunga kitabu chake. "Unakiri mbele ya kanisa kwamba huyu ni kaka yako?"

Milango yote ilikuwa inanitazama, milango aliyoitengeneza yeye. "Nakiri," nikasema.

"Basi nenda."

Nilijitoa mkononi mwa Mama nikaenda na gauni lile lile. Sikumuaga. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na haraka.

Kibanda kile siwezi kukieleza chote. Hakuwa na uso. Nilimlaza kwenye majani ya mgomba kwa sababu mkeka ulikuwa unashikamana na ngozi yake, nikamdondoshea maji kinywani kwa kitambaa, tone kwa tone, siku na usiku. Alipiga kelele kwa lugha nisiyoijua. Nilisikiliza kama ndani yake kuna neno lolote ninalolikumbuka. Sikusikia kitu, lakini nilikuwa nimeanza kusikiliza, na hilo lilinitisha. Mzee mwenye makovu alipopita nilimwita mgonjwa "kaka", ili mambo yawe sawa. Alipopata fahamu hilo ndilo neno la kwanza alilolisikia kwangu, na aliniuliza kwa macho. Nikamweleza yote. Alicheka kidogo, midomo ikapasuka. "Tukivuka tutaeleza vizuri," alisema. "Mama yako atacheka."

Tulivuka mvua zilipoanza. Alikuwa mwembamba na uso wote mashimo, nami nilimwona mzuri. Nilikuwa nimepanga maneno yote ya kumwambia Mama, ya ukali kwanza na ya msamaha baadaye.

Mlango wetu ulikuwa umefungwa kwa nje. Jirani alinieleza akiwa mbali. Mama aliugua baada ya mimi kuondoka, akajifungia kwa lile komeo la mpingo asipelekwe vibandani. Hakuna aliyejua mpaka Jumapili mlango wake ulipokosa kuitika. Jirani alimwita kupitia ukutani, naye akajibu kwamba ana neno la kuniambia, neno muhimu, na atanisubiri mimi mwenyewe. Jirani akasema, "Niambie mimi nimfikishie." Mama akasema hapana, hilo ni la mwanawe.

Walitoboa ukuta wakafungua komeo, akazikwa kwa mkeka. Kaburi lilikuwa limeota majani tayari.

Tulikwenda kwa Padre, mimi na seremala, kanisa likiwa limefunguliwa. Nilimwambia, "Mama alisema uongo ili kunizuia, nami nikausema ili niende. Sote tunajua."

"Ulidanganya wakati ule," Padre akauliza, "au unadanganya sasa?" Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetaka kusaidia na hajui ashike wapi.

Nilifungua kinywa nikamtazama seremala, naye alikuwa ananitazama, masikio yangu, vidole vyangu. Alikuwa anatafuta. Nilijua hivyo kwa sababu hata mimi nilikuwa nimetafuta, kule kibandani, kwenye uso usio uso. Huenda Mama alitaka kuniambia ni uongo. Huenda alitaka kuniambia ni kweli. Sikuweza kumjibu Padre, na seremala hakunijibia. Tulitoka tukasimama karibu na ile karatasi. Hakuna aliyecheka.

Miaka michache ilipopita alimchumbia msichana aliyeletwa kutoka Unguja, mtu mpole, sina baya naye. Walitangazwa mara tatu. Mara ya tatu Padre alipouliza kama kuna kizuizi, kanisa zima lilinigeukia, kwa kuwa bwana harusi hakuwa na mtu mwingine duniani. Ilinibidi nisimame. Nilisema hakuna, kwa sauti ya kufika mwisho wa kanisa, kisha nikaketi nikashika kiti kwa mikono miwili.

Seremala amekwisha kufa sasa. Ninakaa katika nyumba ya Mama, na komeo la mpingo bado ni zima. Watoto aliowaacha hunijia na watoto wao, wanabisha mlango, wanasema shikamoo shangazi. Nasema marahaba, nawafungulia.