Kitenge cha Majogoo

Ukitaka kujua kwamba watu wana hela, fungua saluni Nyegezi karibu na stendi, halafu ngoja Desemba. Mwezi wa sita mteja anakubembeleza umsuke kwa elfu tano, dada hali ngumu, dada nionee huruma. Desemba huyohuyo anaingia na rasta pakiti nne, anataka zifike kiunoni, na ukimaliza anakwambia chenji kaa nayo. Hali ngumu imekwenda wapi? Mimi sikuwa nauliza. Nilikuwa nasuka.

Mwaka nilioolewa nilisuka mpaka vidole vikagoma kukunja. Na kila kichwa nilichokishika kilikuja na habari zake za manunuzi. Huyu kanunua kochi jipya kwa ajili ya wageni wa siku moja, yule kamnunulia mwanawe viatu vya kuwaka taa, mwingine kachukua mbuzi wawili kwa sababu jirani yake kachukua mmoja. Tulicheka mpaka kitana kinadondoka. Niliwaona wote vichaa, na sikujua kwamba zamu yangu ilikuwa njiani.

Ilikuja kwa simu. Alipiga mama mkwe, kutoka kijijini kwao upande wa Magu, kando ya ziwa. Sisi wote tunamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba, mwanangu. Sare ya Krismasi mwaka huu ni yako."

"Yangu kivipi, Mayu?"

"Utachagua wewe. Mke mpya ndiye anayechagua. Mume wako hakukwambia?"

Mume wangu hakuniambia kitu. Mume wangu alikuwa amekaa palepale saluni kwenye kiti cha wateja, anatafuna karanga, na nilipomkazia macho akaanza kukagua dari.

Ngoja nieleze. Kwa akina mume wangu, watu ishirini na tatu, kuanzia baba mkwe mpaka kitoto cha miezi minne, wanavaa kitenge kimoja siku ya Krismasi. Kwetu Mkuyuni tulikuwa wanne tu. Kila mtu alivaa alichonacho, tukala wali kuku, basi. Wao hapana. Kila mmoja anachanga, anatuma kwa simu, na mke aliyeingia mwaka huo ndiye anayekwenda dukani. Masharti ni matatu: kitenge kisichuje, kitoshe watu wote, na asionekane mtu mwingine yeyote kanisani amekivaa. Na ili majirani wasiige, sare haifunguliwi mpaka asubuhi ya sikukuu yenyewe.

Mke wa kaka yake mkubwa alikosea sharti la kwanza. Alinunua cha bei poa, kikachuja kwa jasho, na wanaume wakatoka ibadani na shingo za bluu. Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Mpaka leo akipita na ndoo kichwani, lazima wifi mmoja aulize, "Dada, hayo maji yametakata?" Mwanamke ana watoto wanne, ana shamba lake la mpunga, anaongoza kwaya, lakini pale nyumbani yeye ni yule wa shingo za bluu. Nikasema haki ya Mungu, mimi siwi kichekesho cha mtu. Nilikuwa nimewapenda wale watu, nilitaka na wao wanipende, na kama njia ni kitenge, basi nitaleta kitenge ambacho Magu haijawahi kuona.

Michango ikaingia, laki tatu kamili. Nikafunga saluni siku nzima, katikati ya Desemba, wateja wakanitukana kwa meseji, nikaenda mjini.

Duka la nne ndipo nilipokutana nacho uso kwa uso. Kitenge cha njano, njano ya kukodoa macho, na juu yake majogoo wekundu, wakubwa kama sahani, kila mmoja kafungua mdomo anawika. Weee! Nilicheka peke yangu pale mlangoni. Mwenye duka, mzee wa mjini ambaye hupenda kuwaambia wateja kwamba babu yake alikuwa Mnyamwezi na bibi yake Mwarabu, akaja na futi yake shingoni.

"Shikamoo, baba. Bei gani hawa kuku?"

"Marahaba, binti. Majora mawili nitakupa kwa laki tatu na arobaini."

"Kwa bei hiyo inabidi wawe wanataga."

Akacheka mpaka akakaa. Hapo nikajua tutaelewana. Tulivutana kama saa nzima, nikaondoka mara mbili, akaniita mara mbili, akaniletea kahawa, tukafunga laki mbili na themanini. Kabla sijatoa hela nikamuuliza lile la muhimu: nani mwingine kachukua? Akanyanyua mkono juu. Alileta majora manne tu, mawili yamekwenda Geita, mawili ndiyo haya yangu.

"Magu hakuna?"

"Magu? Magu wawajulie wapi majogoo kama hawa!"

Nikamwamini. Ningekataaje, nimekunywa kahawa yake?

Nilitoka pale nina elfu ishirini za watu mkononi, na hela zangu za kusuka zimejaa kwenye sidiria. Hapo ndipo Krismasi iliponipanda kichwani. Nilinunua biskuti za bati. Nilinunua maputo pakiti sita. Soksi za lesi kwa watoto wa kike wote, miwani ya jua kwa watoto wa kiume wote, kisha nikaona si haki, nikanunua miwani kwa wa kike pia. Kofia ya pama ya baba mkwe. Taa za kumetameta mita kumi. Cherehani mbili zilikuwa zinanisubiri Mkuyuni kwa fundi, na fundi wa Desemba anajua kupanga bei, nikamlipa bila kupepesa jicho.

Mume wangu alinikuta naingiza mizigo kwa mafungu.

"Umetumia kiasi gani?"

"Usiulize."

"Laki?"

"Panda."

"Laki mbili?"

"Panda."

"Laki nne?"

"Hapo pumzika kidogo, halafu panda."

Akakaa chini. "Na hizi taa tunachomeka wapi? Sola ya nyumbani inachaji simu mbili tu."

"Basi simu zitapumzika."

Nilitaka kukasirika lakini alikuwa ameshavaa miwani moja ya watoto, imembana masikio, na tukaishia kucheka wote wawili sakafuni katikati ya majogoo.

Tulifika kijijini tarehe ishirini na nne mchana. Mayu alipokea furushi la sare, akalipima uzito kwa mikono, akalisukuma chini ya kitanda chake na kufunga chumba kwa kufuli. Hakuna aliyeona hata uzi. Watoto walichungulia dirishani, wakafukuzwa kwa ufagio.

Asubuhi ya Krismasi furushi likafunguliwa. Jamani! Nyumba nzima ikapiga kelele. Baba mkwe alitoka na shati lake la majogoo na kofia ya pama, akauliza nani amewaamsha kuku mapema hivi. Kitoto cha miezi minne kilikuwa na jogoo mmoja tu tumboni, lakini jogoo kamili. Wifi mkubwa, ambaye tangu harusi hakuwahi kunisifu hata kwa bahati mbaya, alijigeuza mbele ya kioo mara tatu, kisha akasema, "Umejitahidi." Yule wa shingo za bluu akaja kunikumbatia akaninong'oneza, "Mungu akubariki, naona hakichuji." Nilitamani kurukaruka.

Tukaenda kanisani kwa miguu, ishirini na tatu kwa mstari, upepo wa ziwa unapeperusha magauni. Watu wa bodaboda walipunguza mwendo kututazama. Tukakaa safu tatu za kushoto. Nilikuwa nimemaliza mtihani, nimepita, nimekaa mbele kabisa karibu na Mayu na mkono wake uko juu ya goti langu.

Kisha mlango ukajaa njano.

Walikuwa kama kumi na wanane. Babu, vijana, wasichana, watoto. Wote majogoo. Majogoo walewale, wekundu, wakubwa kama sahani, wamefungua midomo. Wakatuona, wakasimama. Kwaya ikapoteza sauti katikati ya wimbo. Mwanamke mmoja kijana katika kundi lile, umri wangu, akanitazama, na mimi nikamtazama, na bila kuambiwa nikajua naye alikunywa kahawa.

Na ingekuwa familia nyingine yoyote ningesema bahati mbaya. Lakini ile ilikuwa ya jirani wa ng'ambo ya barabara, mwanamke ambaye Mayu alikuwa hajamsalimia kwa miaka sita. Walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana. Krismasi moja Mayu akamzawadia chupa ya chai nzuri ya maua. Mwaka uliofuata, kwenye sherehe ya kumuaga binti mmoja kijijini, Mayu akaiona chupa ileile kwenye meza ya zawadi, na karatasi yenye jina la jirani juu yake. Akarudi nyumbani, akaacha kumjua. Jirani naye akaona kama ni hivyo, basi. Mume wangu alinisimulia haya siku za uchumba, na nikacheka. Pale kanisani sikuwa nacheka. Mkono wa Mayu ulikuwa umeondoka kwenye goti langu.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikaanza kupiga hesabu za jina nitakaloitwa. Miaka tisa, ishirini, na siku nikifa wifi mkubwa atasimama mazishini aseme tunamzika yule wa majogoo.

Ikafika sadaka ya shukrani. Kanisa lile familia hupita mbele moja moja, na mzee wa kanisa huziita kwa nguo, kwa sababu kila mwaka akiita kwa majina husahau mtu na anagombezwa. Tena macho yake hayakuwa mazuri.

"Sasa," akasema, "familia ya majogoo, karibuni mbele."

Hakuna aliyeinuka. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Basi Mayu akainuka, kwa sababu yeye si mtu wa kuogopa, na ng'ambo ya pili jirani akainuka, kwa sababu na yeye si mtu wa kuogopa. Watu zaidi ya arobaini tukajazana kwenye njia moja, njano tupu, watoto wamechanganyika mpaka nikamshika mkono mtoto asiye wetu. Wale mama wawili wakafika kwenye kapu kwa wakati mmoja.

Mchungaji akawatazama. Alijua habari yote, nani asiyeijua? Akanyoosha mikono.

"Haleluya! Nyumba mbili, vazi moja!"

Kanisa likalipuka. Vigelegele, ngoma, kwaya ikapanda juu ya viti. Mchungaji akachukua mkono wa huyu na wa yule akaiweka pamoja, na mbele ya umati ule nani angeutoa? Nje kila mtu aliwapa hongera kwa mapatano. Wao wakaitikia amina, amina, bila kutazamana.

Njia nzima ya kurudi Mayu alitangulia peke yake. Mawifi hawakunisemesha. Mume wangu alijaribu kusema kitu, nikamwambia akifungua mdomo nitapanda gari la Mwanza sasa hivi.

Tulikuwa tumeanza kupakua pilau aliposimama jirani uani na hotipoti kubwa mikononi, majogoo wake mwilini.

"Hodi hapa."

Kijiko cha Mayu kikabaki hewani. "Karibu."

"Sikuja kwa kupenda," jirani akasema. "Watu wote wamenipa mkono. Nikikaa kwangu nitaonekana mnafiki mbele ya mchungaji."

"Na mimi wamenipa. Lakini sikupanga mimi."

"Wala mimi. Mimi nisingekufuata."

"Wala mimi nisingekufuata wewe."

Wakasimama hivyo, kila mmoja na chakula chake mkononi. Halafu Mayu akageuka, na uwanja mzima ukageuka naye, mpaka kwangu.

"Mwanangu. Ulijua?"

Nikisema sikujua, nimevunja sharti la tatu na mimi ni yule wa majogoo mpaka kaburini. Nikafungua mdomo, na likatoka lililotoka.

"Ndiyo, Mayu. Nilijua. Nilitaka mpatane."

Mungu wangu, zile kelele! Wifi mkubwa akanibeba juujuu. Baba mkwe akavua kofia ya pama akanivalisha. Jirani akaweka hotipoti chini, akasema, "Kumbe ni katoto haka!" na Mayu akasema, "Sasa mimi nimfanyeje, kameshaamua kenyewe," wakaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu wameshikana mabega, wanafuta machozi kwa kitenge kilekile. Mtu akaleta kiti. Watoto wa ng'ambo wakavuka barabara wote, na miwani ya jua haikutosha.

Nilikimbilia jikoni kupata pumzi. Mayu akanifuata, akajifanya anafunua sufuria ya nyama, akaniinamia sikioni.

"Muongo mkubwa wewe. Nilikutazama kanisani. Ulitumbua macho nikadhani utazimia."

"Nisamehe, Mayu."

"Nyamaza hivyohivyo. Miaka sita natafuta sababu ya kumwita yule mwanamke aje kula kwangu, naikosa. Leo umenipa ya uongo, nimeichukua." Akanisukumia bakuli. "Haya, mpelekee nyama. Mchagulie yenye mafuta, ndiyo anayoipenda."

Nikachagua yenye mafuta, nikampelekea.