Hodi kwa Mti wa Maji

Jirani yangu wa uani hapa mtaani La Rochelle ni mama wa Kijava. Aliolewa Durban, nchi hii hii, mume akafa, akaja kupanga chumba kinachotazamana na changu. Ana mdomo, na mimi ninao, tunaelewana kwa Kiingereza kibovu. Mlimau wa uani hachumi jani lake kabla hajauomba ruhusa. Anauinamia kidogo: "Nuwun sewu, Mbah." Ndiyo kusema, samahani, Bibi. Mti huo.

Wiki ile maji yalikatika siku tano. Tukapanga foleni na ndoo kwenye lori la maji, mimi, yeye na mjukuu wangu wa miaka tisa. Mama yule akamsimulia mtoto hadithi ya kwao: mtu alikata mti mkubwa wa chemchemi bila kuuomba, maji yakarudi chini, kijiji kizima kikabaki kubeba mitungi. Kila neno la Kijava alimtaka alirudie. Mtoto akayasema yote, kwa sauti, mbele za watu.

Wivu ukanikaba. Kwani sisi Muheza hatuna chemchemi? Nikasema kwa Kiswahili, "Mjukuu wangu, hata kwetu kuna mvule unalinda maji. Hukati tawi hujapiga hodi. Babu yangu alikuwa..."

"Gogo," akaniita bibi kwa Kizulu, kisha akanikatiza kwa Kiingereza, chinichini, "si hapa."

Mama wa Kijava akacheka. "Anakuonea haya, mama. Umemwaibisha mbele ya wenye ndoo."

Haya? Laiti angejua. Mwaka ule wageni walipokuwa wakipigwa, mtoto ana miaka minne, aliniita Bibi ndani ya spaza, kiduka cha mtaani. Nikamzaba kofi la mdomo, damu ikatoka. Nikamwambia nje mimi ni Gogo, Kiswahili akimeze. Kisha nikajisifu kwa wanawake wenzangu msikitini: mjukuu wangu anaongea Kizulu hata polisi hamshuku. Kijava hakuna aliyemkataza. Nani anapigwa mtaani kwa Kijava?

Tuliporudi na maji nikafunga mlango, nikamsimulia ya mvule mwanzo mpaka mwisho. Alielewa yote, niliona machoni.

"Sasa sema wewe," nikamwambia. "Hodi."

Akatazama dirisha kwanza, ndipo akasema kwa kunong'ona.

"Hakuna anayetusikia. Kwa sauti."

Akaweka kiganja mdomoni, akanong'ona tena.