Saba Yenye Krediti Nane

Wiki ile ya mitihani ya nusu mwaka sote nyumbani tulichoka, kila mtu na uchovu wake. Mama alisimama salon kutwa akisuka vichwa vya watu. Papa alisimama kwenye parking ya maduka upande wa Greyville, amevaa kizibao cha kung'aa, akilinda magari yasiyo yake. Mimi nilikaa tu darasani. Lakini kukaa siku nzima ukiomba mwalimu asikuangalie, ukijua jibu na bado mkono haupandi, nayo ni kazi. Ukifika nyumbani Albert Park lifti imekufa, unapanda ngazi mpaka ghorofa ya saba.

Dada yangu mkubwa, ambaye namwita yaya, alikuwa Meksiko. Hapa Durban alitafuta chuo cha kumsomesha bure akakosa. Cha huko alikipata kwa kutafuta kwenye simu. Bursary yao, ufadhili wa masomo, ilikuwa na sharti moja: kila muhula wastani usishuke chini ya nane juu ya kumi, yaani nane kati ya kumi. Ukishuka, inasimama. Sharti hilo nyumbani tulilijua sote kama tunavyojua sala ya chakula.

Alhamisi alituma picha ya matokeo yake kwenye grupu ya familia. Masomo matano, kwa Kihispania, na pembeni mwa kila somo namba mbili. Kichwa cha jedwali hakikuonekana, picha ilikuwa imekatwa juu.

Papa alivaa miwani. Lazima niseme kwamba papa si mlinzi wa magari tangu kuzaliwa. Kwetu Bukavu alifundisha hesabu sekondari, na wenzake wa parking bado wanamwita Profesa, nusu kwa heshima, nusu kwa kumtania. Hakuna aliyethubutu kumshikia kalamu.

"Kalkulasi saba. Fizike saba. Kutengeneza programu tisa. Kihispania tisa. Michezo na dansi kumi," alisoma. "Yote iko juu ya kumi, maxima ni moja. Arobaini na mbili juu ya hamsini. Nane nukta nne."

"Na hizo namba zingine?" mama aliuliza. "Kumi, nane, sita, ine, mbili?"

"Saa za somo kwa wiki. Achana nazo."

Ili mtu aelewe kosa la papa, lazima ajue bulteni ya kwetu Kongo, ile karatasi ya matokeo. Kwetu somo kubwa lina maxima kubwa, yaani alama ya juu kabisa: hesabu inaweza kuwa juu ya arobaini na dini juu ya kumi. Uzito wa somo umo humohumo kwenye maxima. Kwa hiyo mwalimu wa kwetu akiona masomo yote juu ya kumi, anaona masomo yote sawa. Papa hakuwa mzembe. Alihesabu vizuri sana, kwa desturi ya shule nyingine.

Jioni hiyohiyo aliandika kwenye grupu kwamba amefurahi, akampigia pasta, akaomba aandikwe kwenye shukrani za Jumapili kanisani. Mama akatoa kitenge chake kizuri.

Ijumaa mwalimu wetu wa hesabu alirudisha alama za muhula. Nilikuwa na themanini kwenye project na arobaini kwenye mtihani, kwa hiyo kichwani nilijipa sitini na nikapumua. Karatasi ikasema arobaini na nane. Mvulana wa mbele yangu ambaye haogopi kitu aliuliza kwa niaba yetu wote. Mwalimu akaeleza kwa sauti ya mtu aliyeeleza mara mia: project inabeba ishirini kwa mia, mtihani unabeba themanini. Zidisha kila alama kwa mzigo wake, halafu jumlisha. Arobaini na nane yangu iliniuma, lakini kilichonitoa jasho ni zile namba za pembeni mwa masomo ya yaya.

Jumamosi mchana, nyumbani nikiwa peke yangu, nilifungua picha tena. Kalkulasi saba mara kumi, sabini. Fizike saba mara nane, hamsini na sita. Programu tisa mara sita, hamsini na nne. Kihispania tisa mara nne, thelathini na sita. Michezo kumi mara mbili, ishirini. Jumla mia mbili thelathini na sita. Namba za pembeni zote pamoja thelathini. Nikagawanya: 7.87. Nikarudia mara tatu, na mara zote tatu ilibaki hapo.

Huko kwa yaya ilikuwa asubuhi. Nikamwandikia: "Yaya, zile namba za pembeni ni krediti, uzito wa somo?"

Akakaa muda mrefu anaandika, anafuta. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Ni mimi tu."

"Umepata ngapi?"

"7.87."

"Basi umepata sawa. Weye kimya kimya lakini macho unayo." Halafu akaandika yote. Kichwa cha jedwali alikikata makusudi. Karatasi yake ya fizike ameomba isahihishwe upya, jibu litatoka Jumanne. Saba ile ikipanda hadi nane, jumla inafika mia mbili arobaini na nne, wastani nane na kidogo, bursary inabaki. "Usimwambie papa. Acha afurahi siku hizi mbili. Ikipanda, hakuna atakayejua."

"Na isipopanda?"

Akatoka mtandaoni.

Kunyamaza ndicho kitu ninachokiweza kuliko vyote. Kama ingekuwa siri ya ndani ya nyumba ningeinyamazia mpaka leo. Lakini kesho yake papa angesimama mbele ya watu wanaomwita Profesa, amshukuru Mungu kwa hesabu iliyokosewa, na kama bursary ikikatika wangejua wote. Niliwaza uso wake kwenye parking, wenzake wakimuuliza, "Profesa, nane nukta nne imefia wapi?"

Kumwambia kwa mdomo sikuweza. Nilijaribu mbele ya kioo cha bafuni na hata pale nilishindwa. Kwa hiyo nilichukua karatasi na rula nikachora bulteni, ya kwetu kabisa. Kalkulasi 70 juu ya 100. Fizike 56 juu ya 80. Programu 54 juu ya 60. Kihispania 36 juu ya 40. Michezo 20 juu ya 20. Jumla 236 juu ya 300. Chini nikaandika: bursary inataka 240.

Papa alirudi saa kumi na mbili jioni. Karatasi nilikuwa nimeiweka karibu na kikombe chake cha chai. Aliisoma akiwa bado na kizibao.

"Maxima hizi umezitoa wapi?"

"Ziko kwenye picha, papa."

Alichukua kalamu, akapita mstari kwa mstari akiweka alama ndogo ya vyema, kama nilivyosikia kwamba alikuwa akiwafanyia wanafunzi wake. Alipofika chini alipiga mstari chini ya 240.

"Iko juste, iko sawa," alisema. "Pointi ine. Pointi ine tu." Kisha, bila kuniangalia: "Yaya wako anajua?"

Sikuweza kudanganya. "Anajua."

Mama alikuwa anakunja kitenge. "Mpigie pasta, sema unaumwa."

"Siumwi."

"Basi sema umechoka. Hiyo si uongo."

Hakupiga. Jumapili jina lake liliitwa, akasimama na koti lake moja, mikono mfukoni. Alisema, "Wapendwa, nilimwambia pasta binti yangu amepata themanini na nne. Nilikosea hesabu. Amepata sabini na nane na kitu. Wanaomsomesha wanataka themanini. Sina ushuhuda leo. Naomba mtuombee mpaka Jumanne."

Kanisa lote likapiga makofi. Mama mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti, "Sabini na nane! Wangu alileta thelathini na tano, tukachinja kuku."

Papa akainua mkono aeleze, kwamba huko si kama huku, kwamba nane ndiyo mpaka, lakini kwaya ilishaanza. Akakaa. Nilikaa karibu naye, nikasikia pumzi yake, ndefu, ya mtu aliyeshusha mzigo na bado mgongo unauma.

Jumanne yaya aliandika neno moja: "Saba." Saba ilibaki saba. Bursary imesimama muhula mmoja. Chumba wamemwachia, na akirudisha nane watamrudishia. Papa alimpigia akaweka sauti wazi ili sote tusikie. Yaya alilia kwanza. Papa alimngoja amalize, kama mtu anayengoja robot, taa ya barabarani, iwe kijani.

"Kwa nini ulinificha?"

"Uliandika umefurahi, papa. Hujawahi kuandika hivyo."

Papa alijikuna shavu. "Muhula ujao iko masomo gani? Anza na yenye krediti nyingi."

Akayataja. Papa akaniashiria niandike.

"Hiyo dansi ya krediti mbili," alisema, "iache. Haibebi kitu."

"Hawaruhusu, papa. Ni lazima."

"Eish. Basi cheza. Lakini usichokee huko."

Yaya alicheka kidogo, pua bado imeziba. Simu ilipokatika papa aliegemea kiti na kulala palepale, viatu miguuni. Mama akanionyesha kidole mdomoni, kana kwamba mimi ndiye ningepiga kelele.