Mfasiri wa Sine Kiboko

Zamani watu wa Bwegera walipanda lori, juu ya magunia ya mpunga, wakala vumbi nusu siku, ili kuja Uvira kumsikia Libérat akifasiri filamu katika ukumbi wa Sine Kiboko. Siku hizi kila mtu ana filamu mfukoni, anaitazama peke yake, na akicheka hakuna jirani anayejua anacheka nini.

Libérat alikuwa mfasiri. Filamu zilikuja na Kifaransa chao, na ukumbi mzima haukuwa na watu kumi wa kukielewa. Basi kila Jumamosi mchana alisimama kando ya kitambaa cheupe, fimbo mkononi, akawasemea wote: askari, bibi harusi, jambazi, hata farasi. Mwizi akikimbia, Libérat alisema anakimbilia Luvungi. Mgonjwa akibebwa, anapandishwa Lemera, hospitali. Kifaransa chenyewe alijifundisha kwa kamusi isiyo na jalada, kwa hiyo alichokielewa ni nusu. Nusu ya pili aliitunga.

Na katika miaka kumi na tisa hakumuua mtu wa filamu ila mmoja. Mwanzoni kabisa alipata kutangaza kwamba shujaa amekufa, na ukumbi ukageuka matanga: wanawake wakavua viatu wakakaa chini, wanaume wakavua kofia, hakuna aliyetaka kuondoka kabla ya kulia ipasavyo. Mashine ikazimwa. Tangu siku hiyo, mtu akianguka kifudifudi na damu imetapakaa, Libérat aliinua fimbo na kusema, "Amechoka. Mumuache alale."

Kisha zikaja video, mashine ikafa, mlango ukafungwa. Mwenye ukumbi alipofariki, Rémy, mwanawe, alitaka kuugeuza depo ya kuwekea simenti. Wazee wachache walinung'unika, na Agnès, shefu wa mtaa, akaita watu wote wakutane humo humo ukumbini, Jumapili baada ya misa. Libérat hakuwa na mke wala mtoto. Alitaka jambo moja tu: ukumbi ubaki ukumbi, asimame pale kando ya kitambaa walau Jumamosi moja kabla hajafa. Alituma habari Bwegera, na ndugu wawili aliowafahamu tangu ujana wao, Sidonie na Marie-Rose, wakaja kwa pikipiki, wote wawili nyuma ya dereva mmoja, mmoja wao ana zaidi ya miaka sabini.

Libérat alisema maneno yake, vizuri. Ndipo akasimama Héritier, mwalimu wa Kifaransa.

"Papa, minye nilitafuta ile filamu ya mwenye farasi kwenye telefone. Ile baba yangu alikuwa anatuhadisia kila Noeli. Muntu anakufa! Katikati ya filamu! Weye ulisema amelala."

Watu wakacheka.

"Baba yangu alikufa anajua yule muntu iko muzima. Wazee wetu waliona filamu moja, wakasikia ingine. Hiyo ndiyo munataka tuchunge?"

"Muzee alikuwa anafanya sinema ndani ya sinema," akasema Rémy, na kicheko kikapanda mpaka kwenye mabati.

Libérat alitaka kuwaambia kwamba nusu alielewa. Nusu ipi?

Sidonie akainuka, mkono begani kwa dada yake. "Weye mwalimu, unafikiri tulikuwa vipofu? Damu tuliiona. Huyu Marie-Rose alizika mume siku ya ine, ndiyo Alhamisi, na Jumamosi nikamuleta hapa kwa nguvu. Muntu akaanguka pale mbele, Libérat akasema mumuache alale. Usiku ule dada yangu alipata usingizi. Tulijua ni uongo. Wote tulijua, tangu zamani! Ni ule uongo tulikuwa tunapandia kamiyo ya mpunga."

Hakuna aliyecheka tena. Lakini Agnès alipoomba mikono, ya simenti ilikuwa msitu. Ya ukumbi ilikuwa mitatu, na miwili kati yake aliikataa kwa upole: "Mamie zangu, munisamehe. Nyinye muko wa Bwegera."

Libérat aliwapeleka wale ndugu wawili kula bugali na ndagala, samaki wadogo wa ziwani, kwenye meza ya mama mmoja karibu na barabara. Moyoni alikuwa anarudia neno lile: wote walijua. Miaka kumi na tisa alidhani ni yeye aliyewabeba, kumbe walikaa gizani wakimwangalia anavyohangaika na fimbo yake, wakimwachia aendelee. Alitaka kuwauliza kama walikuwa wakimcheka njiani, juu ya magunia. Badala yake akamsogezea Marie-Rose pilipili.

Dereva wa pikipiki akaja akilalamika mvua inashuka toka milimani. Sidonie alipanda kwanza, akamkumbatia dereva kiunoni bila haya. Marie-Rose akapanda nyuma yake, kitenge akakibana chini ya mapaja.

"Ubakie muzuri, Libérat," akasema.

"Mufike muzuri."

Walielekea Kavimvira, njia ya kurudi Bwegera. Penye shimo la kwanza pikipiki iliyumba, ndugu wale wakapiga kelele kwa pamoja, kisha wakacheka, na Libérat akasikia kicheko chao mpaka lori moja likapita katikati. Vumbi lilipotulia walikuwa wameshapinda, na hakuwaona tena.