Kulwa Acheze Wapi

Enzi zetu ubishi wa mpira haukuwa wa kujilaza. Tulibishana mikono ikiwa kazini, na kwetu Urambo kazi ilikuwa tumbaku. Majani yakishakauka kwenye bani, lile banda la kukaushia kwa moto, familia nzima ilikaa chini kuyachambua, mazuri huku, yaliyoungua kule, na vidole vikabaki na utomvu mweusi mpaka ukila ugali unausikia uchungu wake. Katikati paliwekwa bakuli la matobolwa, vile viazi vikavu vilivyochemshwa, na baba akiinua sauti wote tuliacha kutafuna. Leo nawaona wajukuu wetu wamejinyoosha kwenye makochi wanagombana kwa simu na watu wasiowajua, huyu kiungo mkabaji, yule kiungo mshambuliaji, na danadana tatu tu haziwezi hata mmoja wao. Huwa nacheka. Halafu namkumbuka kaka yangu Kulwa, na kicheko kinaniishia.

Kulwa na Doto walikuwa mapacha. Mimi ndiye niliyewafuata, na kwetu Unyamwezini anayewafuata mapacha anaitwa Shija, awe wa kiume au wa kike, hakuna kuulizana. Tulihamia kijijini wakati wa vijiji vya ujamaa, kila mtu ametolewa kwenye shamba lake huko mwituni, nyumba zikapangwa kwa mistari. Uwanja wa mpira tuliufyeka wenyewe kwa msaragambo, akina mama na majembe, akina baba na mashoka, na visiki viwili vilivyotushinda vikabaki karibu na goli. Mpira ulikuwa mmoja wa kijiji kizima, wa ngozi, unafungwa kwa kamba. Ukilowa mvua halafu ukaupiga kichwa, siku mbili husikii vizuri.

Sasa, wale mliolelewa kwingine nawaeleza. Mapacha kwetu hapewi mmoja zaidi ya mwingine. Mama alikuwa na dada yake aliyejifungua mapacha, mmoja akapelekwa kulelewa kwa bibi yake, na mwezi haukwisha yule aliyebaki akaugua akafa. Tangu hapo mama hakutaka kusikia habari ya kuwatenganisha wa kwake. Kulwa akishonewa kaptula, Doto naye kaptula ya kitambaa kilekile. Mmoja akichapwa, mwingine alionjeshwa kiboko kimoja, maskini ya Mungu, hata kosa halijui. Tatizo ni kwamba mpira hawakugawiwa sawa.

Doto alikuwa na mbio, na zaidi ya mbio sikumbuki kitu. Mchezaji alikuwa Kulwa. Akisimama pale kati, tulipopaita senta hafu, timu nzima ilipata akili. Aliupokea mpira kama anayepokea mtoto mchanga, anageuza shingo mara moja, na pasi imeshatoka, ya chini, mguuni kwa mtu. Hata bibi zetu, ambao mpira waliuona wazimu wa vijana, Kulwa akiwa na mpira walikuwa kimya.

Ndipo ikaja habari kwamba kuna bwana anatoka Tabora mjini kuangalia mechi yetu na kijiji jirani, achague vijana wa timu ya mkoa. Kuchaguliwa maana yake ilikuwa kuaga jembe, upewe kazi mjini na pa kulala. Kulwa akaanza kukimbia kila alfajiri kabla ya kwenda shambani. Siku moja kisimani akanitwisha ndoo, na mkono wake ukabaki kwenye ile ndoo.

"Shija," akasema, "mimi nataka kwenda. Sijawahi kutaka kitu hivi."

Hakuwa mtu wa kutaka vitu.

Zilipobaki siku tatu, Mwalimu Mihayo alikuja kwetu. Alifundisha shule yetu na ndiye aliyeifundisha timu. Alimwamkia baba shikamoo, akajibiwa marahaba, akakaa na kuanza kuchambua majani nasi, kwa sababu kwetu mgeni hakukaa mikono mitupu. Baba hakumpa nafasi ya kuzunguka. Alikuwa balozi wa nyumba kumi na alizoea kusema la mwisho. Akasema Kulwa asicheze kati. Akicheza kati ataonekana peke yake, na Doto mbele huko atakuwa anasubiri pasi kama anayesubiri treni. Arudi beki, apige mipira mirefu, Doto aifukuzie. Mmoja anapiga, mwingine anafunga, na yule bwana atawaona wote wawili.

Mama alitikisa kichwa kukubali. Kwake hiyo ilikuwa haki yenyewe.

Mwalimu alijibu taratibu. Alisema mpira mrefu unawaruka watu wote wa kati, timu inakuwa ya watu wawili. Alisema beki anayebutua yuko kila kijiji, ila mtu wa kati wa namna ile hajawahi kumwona tangu aanze kazi. Baba akasema pasi fupi ni mambo ya watu wasio na mbio. Wakapandishiana. Doto aliinamisha kichwa. Kulwa aliendelea kuchambua, lakini nikaona anayatupa majani mazuri kwenye fungu la yaliyoungua, nikawa nayatoa kimyakimya kabla baba hajayaona.

"Baba Kulwa," mwalimu akasema mwishowe, "mpira ukipita juu, watu wote wanautazama unakokwenda. Nani atamtazama aliyeupiga?"

Baba akaweka chini fungu lake. "Watacheza ninavyosema, ama hawatoki hapa nyumbani."

Mwalimu aliondoka bila kuaga vizuri, na sisi tukachambua mpaka jua likazama, hakuna aliyegusa matobolwa.

Siku ya mechi yule bwana wa mjini aliketi kwenye benchi la shule, daftari mapajani. Baba alisimama kwenye mstari, mama ameshika kanga yake kwa mikono miwili. Kipindi cha kwanza kilikuwa kubutua tu. Mpira unapanda, vumbi linapanda, Doto anakimbia. Mpira mmoja Doto aliufikia akafunga. Kipindi cha pili wale jirani wakasawazisha, na mwalimu akampungia Kulwa mkono apande kati.

Akapanda. Wenzangu, sina namna ya kuwaeleza. Kwa dakika chache ule uwanja wenye visiki ukawa mahali pengine. Pasi, pasi, anageuka, pasi. Yule bwana akainua kalamu, nikaiona kwa macho yangu, akamuuliza jirani yake kitu.

"Kulwa!" Baba alikuwa ameingia ndani ya mstari. "Rudi nyuma!"

Kulwa alisimama. Alimtazama mwalimu, akamtazama baba, kisha akamtazama mama, ambaye machozi yalikuwa yameshamtoka kwa hofu. Akarudi nyuma. Mpira wa kwanza uliomfikia akaupiga kwa nguvu zote, ukavuka watu wote, Doto akaukimbilia, akafunga bao la ushindi. Watu wakavamia uwanja. Na mimi nikiwemo. Nilimrukia Doto shingoni, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Hilo silisamehe.

Yule bwana alisema nafasi ni moja kwa kila kijiji, akaomba jina la mfungaji. Baba akauliza, na Kulwa je?

"Kulwa yupi?" akasema. "Yule aliyerudi beki? Mabeki wa kubutua ninao tele."

Jioni ile baba hakula, wala hakumtazama Kulwa usoni kwa siku nyingi. Mama alitaka Doto azuiwe, lakini Kulwa mwenyewe ndiye aliyemsihi amwachie. Basi mama akatengenezesha masanduku mawili ya bati, yanayofanana mpaka kufuli. Moja lilipanda treni na Doto. La pili akalisogeza chini ya kitanda cha Kulwa, tupu, ili asiwe amempa mmoja akamnyima mwingine.

Hakuna aliyeugua. Doto alicheza, akapata kazi, akajenga Dar. Kulwa alilima tumbaku, na mpira hakuugusa tena. Zamani tulimtii mzazi hata pale alipokosea kwa kutupenda. Watoto wa leo hawatii mtu, nami nawasema kila siku, lakini zipo siku nikiwatazama nawaonea wivu.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimu. Mjukuu wake alikuwa anabishana na simu kama kawaida yao, kiungo fulani anafaa namba sita au namba nane. Akachoka, akamgeukia mzee.

"Babu, eti wewe ulikuwa unacheza namba ngapi?"

Kulwa alifikiri kidogo. "Mimi nilikuwa nampigia Doto."

Kijana akasema hiyo siyo namba, akarudi kwenye simu yake.