Jina la Velma Kwa Kadigani

Hapa soko ya Boito mimi nafuma sweta na mashine, Yunia Nyabate anashona majina na maua juu yake kwa mkono. Tuko kibanda moja miaka nne. Tumekosana mara mingi juu ya mdomo yangu, kwa hivyo nikimsifu, jua si upendo tu.

Alitoka Nyamira akiwa msichana, akachuna majani chai miaka kumi na tisa. Mashine za kuchuna zilipoletwa, wakaambiwa waende. Akashika sindano. Na kushona juu ya sweta si mchezo, sweta inavutika. Ukikaza uzi, inajikunja na haitapita kichwa. Yunia anafuata kitanzi kwa kitanzi, uzi unalala tu. Mimi nilijaribu siku moja, nikatupa hiyo kitu chini.

Wamama wa kanisa yetu wako na kadigani za maroon, jina ya kila mtu kwa kifua. Kadigani ni ya kikundi. Mama akifa inarudi, Yunia anafumua jina, anashona ya mwenye ameingia nafasi yake. Amefanya hivyo kwa wengi. Halafu mwezi wa tatu nimonia ikachukua Velma, msichana wake wa pekee.

Chairlady wao, Tecla, akakuja na kadigani ya Velma imekunjwa.

"Mama Velma, pole tena. Kuna Nelvine, yule ameolewa kwa kina Jonah. Anaingia Jumapili."

Nikasimama. "Chairlady, hauna haya? Bomet mzima hakuna mtu mwingine ako na sindano?"

"Kimeli, wewe fuma sweta. Kupeleka kwingine ndio ingekuwa matusi."

"Matusi ni kuileta hapa."

"Kaa chini," Yunia akaniambia. "Nimefumua za watoto wa wengine. Yangu iko na nini?"

Akageuza kadigani ndani nje, akakata uzi na makasi ndogo, akavuta. Alipoigeuza tena, jina ilikuwa bado hapo. Velma aliivaa miaka sita, jua ikakula rangi yote, lakini chini ya zile herufi sweta ilikuwa bado mpya. VELMA, maroon kabisa, unaisoma ukiwa barabarani.

Tecla akajishika mdomo.

"Si ibaki tu," nikasema. "Ya Nelvine iende upande ile ingine. Kwani nani atakufa?" Nikasikia vile nimesema, nikakaa chini.

Yunia akasema Nelvine aitwe. Akakuja na gamboots za shamba. Yunia akamwonyesha.

"Ni wewe utavaa. Sema."

Nelvine aliangalia mpaka macho ikajaa. "Mama, sikumjua. Watu watakuwa wananiangalia wakisoma yeye. Naogopa. Nisamehe."

Nilikuwa tayari kumwambia kitu. Yunia akaniangalia mara moja tu.

"Usilie," akamwambia. "Umesema ukweli."

Sasa sikia. Hauwezi kufunika herufi hivyo na jina ingine, itatokea kando. Lazima upite juu ya kila kitanzi bado kipya na uzi umepauka rangi ya sweta yenyewe. Uzi kama huo hauuzwi. Yunia akaleta kadigani yake, ya kikundi hiyo hiyo, akafumua mfuko mmoja.

Na ndio aifiche hiyo jina, ilibidi aishone tena. V. E. L. Siku mbili. Akimaliza herufi inapotea. Alipofika M aliweka sindano chini, akakaa na kidole hapo. Mashine yangu ilikuwa inapiga kelele, nikaisimamisha.

"Endelea na kazi," akasema.

"Nimechoka," nikamdanganya.

"Haya, nishikie hapa isivutike."

Nikamshikia M, nikamshikia na A. Baadaye akashona NELVINE na uzi mweupe, juu kidogo.

Jumamosi Nelvine alikuja kuichukua. Yunia hakumpea kwa mkono. Alimvalisha mwenyewe, akafunga vifungo kutoka chini mpaka shingo, vile mtu anafungia mtoto anaenda shule. Akapitisha kiganja juu ya kifua kuona kama uzi unavuta.

"Inua mkono."

Nelvine akainua.

"Ikikubana kwa kwapa, uniletee."