Aliyechungulia Bila Salamu

Istahil ameuza maziwa ya ngamia Garissa miaka ishirini na mbili, na hakuna mwanamume aliyewahi kuchungulia mlangoni kwake bila kutoa salamu. Asubuhi hiyo binti yake Sharifo, muuguzi aliyetafuta kazi mwaka mzima, alimpa simu.

"Hooyo, mimi nafua. Nifutie arifa za ule mtandao wa kazi, zimejaa."

Istahil akafuta, akafuta, mpaka akasoma: "Abdirahim ametazama ukurasa wako mara tatu." Damu ikamchemka.

"Mara tatu! Anamkodolea macho binti wa watu, salamu hana! Wallahi hana haya!" Akamfungia kabisa asiingie tena.

Sharifo akaja mbio, mikono imejaa povu, akaitazama simu. "Hooyo, umefanya nini? Huyo ndiye anayeajiri wauguzi wa zahanati kule Ijara!"

"Hata angekuwa gavana! Aanze na salamu!"

Kwa hasira, machozi yakimlengalenga, Sharifo akamfungulia, akaanza yeye kumwandikia: Assalamu alaykum. Jibu halikukawia.

"Wa alaykum salaam, anasema. Ananiita kwa mahojiano Jumatatu!"

"Alhamdulillahi," Istahil akasema, kisha akafoka tena. "Kumbe salamu anaijua! Basi mara zote tatu ulimi wake ulikuwa wapi?"